Vioo Kumi na Kimoja vya Kuleta Mtandao

Jumatatu, tarehe 6 Machi

Nimekata shauri. Kabla ya Jumapili mtandao utafika chumba cha nyuma, upende usipende.

Jana binti yangu alipiga simu ya video kama kawaida yake, saa kumi jioni. Tulizungumza dakika nne. Katika hizo nne, tatu aliganda mdomo wazi na jicho moja limefumba, kama mtu aliyekatizwa chafya. Sauti ilikuja vipande vipande. Nilisikia "limeng'oka" na "juzi" na "furaha." Nikajibu kwamba hata mimi sijambo, na chakula nimekula. Baadaye akaniandikia kwamba mjukuu wangu ameng'oka jino la kwanza, na muda wote ule alikuwa amesimama pale ananionyesha pengo. Pengo lenyewe sikuliona.

Halafu akaongeza: Baba, kama hali ndiyo hii, afadhali tuwe tunaandikiana tu.

Tu! Hilo tu nalirudia kichwani tangu jana. Wiki nzima naishi kwa dakika nne hizo. Zikiondoka, nitabaki na redio.

Mtu mwenye akili fupi atauliza kwa nini nisihamie sebuleni, maana ruta iko sebuleni na pale picha haigandi. Siwezi. Binti yangu anaamini bado nina duka. Duka la vioo nililifunga mwezi wa kumi, kwa sababu siku hizi watu wananunua vioo vilivyokwisha kukatwa, vina fremu za plastiki na maua pembeni. Maua! Nilimwambia tu kwamba nimehamia mahali patulivu zaidi. Si uongo. Ni chumba cha nyuma humu humu nyumbani, alichokuwa akilala yeye alipokuwa mdogo. Kila Jumapili navaa aproni, naweka kalamu ya kukatia kioo sikioni, nakaa mbele ya meza ya kazi. Nyuma yangu kuna vioo ishirini ambavyo havikununuliwa, vimeegemea ukuta wote unaotenganisha chumba na korido. Redio naiwasha kwa mbali ili kuwe na sauti za wateja. Kisha namwambia aseme haraka, watu wananingoja.

Akijua ukweli ataacha kazi yake aje kuniangalia. Au hataacha, ataishia kunionea huruma kwa simu. Sijui lipi baya zaidi.

Lakini mimi ni fundi vioo wa miaka arobaini na mmoja. Gazetini nimesoma kwamba wataalamu wameanza kutumia mabamba yanayoakisi mawimbi ya mtandao, yakate kona yafike vyumbani. Wameanza leo! Mimi nakatisha mwanga kona tangu sijaota ndevu. Kesho kazi inaanza.

Jumanne, tarehe 7 Machi

Vioo vitatu vimepanda, si vile ishirini, ni mabaki ya dukani. Cha kwanza sebuleni, mkabala na ruta. Cha pili mwisho wa korido. Cha tatu mlangoni mwa chumba cha nyuma. Nilivipima kwa ufundi wangu mwenyewe: nilikaa kwenye meza ya kazi, nikainuka kuzungusha, nikakaa, nikainuka, mara hamsini hivi, mpaka nikaiona taa ya ruta ndani ya kioo cha tatu. Ndogo, ya kijani, inapepesa. Niliruka kwa furaha nikagonga goti.

Simu inaonyesha kijiti kimoja cha mtandao. Kabla ya vioo ilionyesha kijiti kimoja. Lakini hiki cha leo kimesimama imara zaidi.

Kitu kimoja sikukitegemea. Nilipokuwa natoka jikoni na chai yangu nilikutana na mzee koridoni, mabega yameshuka, kikombe mkononi. Nikamwambia karibu. Naye akafungua mdomo kuniambia karibu.

Chai ilimwagika kidogo. Nimefuta.

Jumatano, tarehe 8 Machi

Sasa vioo ni vinane, kimoja kikiwa dirishani mwa chumba cha nyuma. Na mambo yamekwenda mrama, kwa sababu ya jirani.

Jirani ni nesi mstaafu, na sisi sote tunamwita Nesi. Anakaa ng'ambo ya ua, ghorofa hii hii ya pili, dirisha lake linatazamana na dirisha la chumba changu cha nyuma. Leo kaja kubisha hodi. Nilidhani ana shida. Hana! Kaja kunishukuru. Anasema tangu jana mtandao kwake unakimbia kama umekanyaga moto, katazama filamu nzima bila kukwama hata mara moja.

Mtandao upi? Wangu! Neno la siri nilimpa mwenyewe miaka miwili iliyopita, alipokuwa akija kumchoma sindano mke wangu, tukawa tunasubiri pamoja majibu ya daktari kwenye simu. Nilisahau kulibadilisha. Na sasa vioo vyangu vinachukua mtandao sebuleni, vinaupitisha koridoni, vinauingiza chumba cha nyuma, vinautoa dirishani, vinaupeleka mpaka kitini kwake. Mimi nivunje mgongo, yeye atazame filamu.

Si hilo tu. Akasema leo saa kumi jioni jua liligonga kioo changu cha dirishani, likaingia kwake na kutua ukutani, pembeni mwa kabati. Nikajiandaa kuomba radhi. Akasema hakuja kulalamika. Kahamishia kiti pale, anashonea vifungo, macho yake yanaona vizuri. Tangu watoto wake waondoke chumba kile kilikuwa na giza.

Kisha akanialika. Jumapili niende na simu yangu, nizungumze na binti nikiwa kwake, kuna meza, kuna chai. Janja! Mtu aliyekwisha kunywa mtandao wangu sasa anataka nimpelekee na simu. Nilimshukuru kwa adabu nikasema nina wateja. Alitazama aproni yangu, akatazama korido iliyojaa vioo, akasema haya Fundi, pole na kazi. Alikaa mlangoni muda zaidi ya uliohitajika ndipo akaondoka.

Nimeziba dirisha kwa blanketi. Chumba kimekuwa kama stoo.

Alhamisi, tarehe 9 Machi

Nimemwita fundi mtandao. Nilikula kiapo kwamba sitamwita, lakini Jumapili haisubiri kiapo.

Ni bwana mnene, mpole, anahema akipanda ngazi. Kaleta ruta mpya yenye antena nane zilizosimama juu. Nimeibatiza Pweza. Akanieleza kwamba ruta ya zamani hutapanya mawimbi kila upande kama mtu anayemwagia bustani maji kwa ndoo. Hii mpya ina akili. Antena zote nane hupatana, kila moja hutoa wimbi lake kwa wakati wake, mawimbi yakakutana na kujazana pale pale simu yako ilipo. Ukihama, nayo inahama. Kwa kifupi, alisema, mzee, hii inakutafuta ulipo.

Nilimwomba arudie hilo la mwisho. Akarudia polepole na kwa sauti kubwa, akidhani sikuelewa. Nilielewa mara ya kwanza. Nilitaka tu kulisikia tena, kwa sababu tangu mke wangu afariki hakuna aliyenitafuta nilipo ndani ya nyumba hii. Wakati mwingine nilikuwa najificha jikoni makusudi ili aniite.

Basi nikampenda yule fundi. Nikampa chai. Ndipo akachungulia chumba cha nyuma, akaona vile vioo ishirini vilivyoegemea ukuta wa korido, akaanza kucheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema vioo vina madini mgongoni. Kioo kimoja huakisi, sawa, lakini ishirini vilivyopangwa ukuta mzima ni kama nimejenga ukuta wa bati kati yangu na ruta. Mawimbi yanafika pale yanagonga na kurudi yalikotoka. Viondoe hivyo, mzee, wala huhitaji hivi vingine vya koridoni. Au nikuvutie waya.

Nilikuja juu. Waya! Anifundishe mimi kuakisi! Nilimwambia nimeshika vioo kabla yeye hajashika kijiko. Akasema sawa, mzee, vioo ni vyako. Akafunga mkoba, akanywa chai yake yote, akaondoka.

Wala hajui anachoniomba. Vile vioo ishirini ndivyo duka. Nikiviondoa, nyuma yangu kutabaki ukuta mtupu, na ule si mtupu. Una alama za penseli za urefu wa binti yangu, kila mwaka mstari mmoja na tarehe kwa mwandiko wa mama yake, kuanzia miaka mitatu. Akiuona ukuta huo atajua mara moja niko wapi.

Ijumaa, tarehe 10 Machi

Nimemjaribu Pweza mchana kutwa. Nilikwenda bafuni na simu, vijiti vitatu. Jikoni, vitatu. Nikaingia kabatini, nikafunga mlango, nikakaa kimya katikati ya makoti. Vitatu! Kanipata. Nilicheka peke yangu humo ndani, nikakaa kwa muda, maana makoti mawili bado ni ya mke wangu.

Chumba cha nyuma, kijiti kimoja.

Nimeongeza vioo viwili. Jumla kumi.

Jumamosi, tarehe 11 Machi

Nimebadilisha neno la siri. Saa tatu na nusu asubuhi, bila kusita. Dakika kumi baadaye nilichungulia pembeni mwa blanketi, nikamwona Nesi amesimama dirishani kwake, ameinua simu juu, anaizungusha huku na huko, anaishusha, anaipuliza. Nilimshinda! Furaha ilidumu mpaka nilipokwisha kunywa maji. Akakaa kwenye kile kiti chake. Hakushona. Kwa kuwa blanketi liliziba kioo changu, hakukuwa na mwanga.

Adhuhuri nikakuta sahani ya chakula mlangoni, imefunikwa kwa kitambaa safi. Hongo, bila shaka. Sikubabaishwa. Nilikula chote, nikaosha sahani, nikairudisha mlangoni kwake, nikagonga na kutoweka. Kwa umri wangu si rahisi kutoweka. Nilimsikia akifungua mlango nikiwa bado kwenye ngazi ya nne, lakini alikuwa na heshima ya kutoita.

Kioo cha kumi na moja kimepanda, juu ya mlango wa sebule. Blanketi nimeliondoa, maana linanyonya mawimbi. Ndiyo sababu pekee.

Kila kitu kiko tayari kwa kesho. Nimejipanga hata maneno. Nitaanza na habari za jino.

Jumapili, tarehe 12 Machi

Niandike haraka kabla sijasahau hata neno moja.

Saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa kitini. Shati jeupe, tai, aproni, kalamu sikioni. Chini nilibaki na suruali ya kulalia, kwa kuwa meza inaficha. Redio ikasema kwa mbali. Pweza akapepesa ndani ya kioo cha kumi na moja. Simu ikalia.

Akaonekana! Na chengachenga kidogo usoni, lakini anatembea, anacheka, anasema shikamoo Baba. Nikasema marahaba mama, sema haraka, wateja wamejaa. Akaanza kunieleza kitu. Kisha akanyamaza katikati ya sentensi. Macho yake yakahama kutoka kwangu yakaenda nyuma ya bega langu, kwenye kioo cha mlangoni. Yakabaki hapo. Mdomo wazi kidogo. Hakutikisika tena.

Ameganda!

Nilimwita mara tatu. Nikapiga meza. Nikasimama, suruali ya kulalia na yote, nikazungusha kioo cha mlangoni, nikarudi, bado ameganda. Wiki nzima! Vioo kumi na kimoja! Nikaanza kusema ovyo. Nilimwambia yule aliyeganda kwamba hakuna mteja hata mmoja, hiyo ni redio. Kwamba duka nililifunga mwezi wa kumi na sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nikaenda kwenye vile vioo ishirini, nikaanza kuviondoa kimoja kimoja ukutani, kwa hasira, navipeleka upande wa dirisha, huku nikiendelea kusema. Nilisema ninakula nimesimama kwa sababu meza ina viti vinne. Nilisema naweka vikombe viwili halafu narudisha kimoja. Nilisema Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote, kwa kuwa Jumapili inakuwa mbali sana. Nilisema nakukumbuka, mama, nakukumbuka mpaka naumwa. Kitu ambacho sijapata kumwambia akiwa hajaganda.

Kioo cha ishirini kilipoondoka niligeuka kuzima simu.

Uso wake ulikuwa safi kuliko nilivyowahi kuuona kwenye simu yoyote. Kope moja moja. Kovu dogo la alipoanguka kwenye ngazi. Na chozi linateremka shavuni, likafika kidevuni, likaanguka.

Hakuwa ameganda hata kidogo. Alikuwa ananitazama. Ndani ya kioo cha mlangoni alikuwa ameona korido, sebule, viti vinne na kisogo changu, na baada ya hapo akasikia yote.

Akasema, "Baba, ule ni ukuta wangu."

Nikageuka. Mistari ya penseli ilikuwa wazi, kuanzia magotini mpaka kifuani. Nilivua aproni tu. Halafu kichwa cha mjukuu kikajitokeza pembeni, pengo mbele, akauliza, "Babu, mbona umevaa suruali ya kulalia?"

Pengo nimeliona. La juu, kushoto.

Jumatatu, tarehe 13 Machi

Amepiga! Jumatatu! Tangu aondoke hapa hajawahi kupiga Jumatatu.

Kasema kuanzia sasa atapiga kila siku saa kumi, na mwisho wa mwezi watakuja wote wawili. Kasema hana hasira, ila ana huzuni, na huzuni itapita nikiacha kujificha. Kisha akatoa amri, moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya mama yake. Vioo nisivirudishe ukutani. Nizungumze popote ninapotaka, hata jikoni. Nimrudishie Nesi neno la siri, maana nilikwisha kumsimulia hayo yote, na nikialikwa chai niende. Akaomba na namba ya simu ya Nesi, sijui ya nini. Nikaahidi yote. Picha ilikuwa safi kama maji.

Neno la siri nimelipitisha chini ya mlango wa Nesi, kwenye karatasi. Aliirudisha karatasi ile ile, nyuma yake ameandika kwamba kesho saa kumi chai itakuwa mezani.

Jioni nimefanya tathmini ya kitaalamu. Kila siku! Wiki iliyopita tulikuwa tunaelekea kuandikiana tu, leo ni kila siku. Kimebadilika nini kati ya wiki ile na hii? Vioo kumi na kimoja. Hesabu haidanganyi.

Vile ishirini nimevirudisha ukutani. Ahadi naikumbuka, lakini vikikaa dirishani vitapasuka, na ile mistari ya penseli inafutika ukiigusa. Lazima kitu kiilinde.

Jumanne, tarehe 14 Machi

Saa kumi kamili simu imelia. Binti yangu ametokea, akasema shikamoo, akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Wiki iliyopita ningekasirika. Sasa nimeerevuka. Najua kwamba mtu akionekana ameganda huwa anasikiliza. Nimekaa vizuri, nimevaa suruali ya kweli, nikaanza kumsimulia. Nimemweleza habari za Pweza na kabati, na vile mama yake alivyokuwa akiniita jikoni. Dakika ishirini nzima! Hakunikatiza hata mara moja. Sijapata mazungumzo mazuri namna hii tangu nimzike mke wangu.

Katikati ya hadithi Nesi akaanza vurugu zake ng'ambo ya ua. Amesimama dirishani, mwanga wa kioo changu unampiga begani, nyuma yake meza ina vikombe viwili. Kaniinulia simu yake juu, anaionyeshea kidole, ananipungia mkono nije. Kwenye simu kuna uso mdogo unang'aa, safi kabisa, nao unapunga mkono. Filamu nyingine. Nimemwonyesha ishara asubiri, naongea na binti.

Sasa hivi ujumbe umeingia. Unasema: Baba, simu yako ilikatika zamani. Nipo kwenye simu ya Nesi, nakuona dirishani. Vuka ua uje, chai inapoa.

Yuko pale pale, hatua arobaini, na picha kwake haigandi. Nimemjibu haraka: nisubiri kidogo, mama, nazungusha kioo cha kumi na mbili.